Tairi Mpya, Usukani Unatetemeka: Kabla Hujanunua Beringi

SWALI: Nina pikipiki ya cc 150 yenye rimu za spoku na breki za drami mbele na nyuma. Nakaa Bamburi, napeleka mizigo Mtwapa mpaka Kilifi, na nyuma nimefunga kasha. Wiki mbili zilizopita nilibadilisha tairi zote mbili Kongowea. Mbele palikuwa na 2.75-17 ya lami, fundi akaniwekea 3.00-17 ya meno makubwa kwa sababu ya mchanga wa njia ya kwetu. Nyuma ni 3.00-17 ya kawaida. Tangu hapo nikifika kilomita 65 kwa saa usukani unatetemeka mkononi. Nikipita 75 unatulia, lakini kuanzia 80 pikipiki nzima inayumba mkia kama dau lililopakiwa vibaya. Kabla ya hapo ilikuwa sawa. Fundi mmoja asema beringi za shingo, pale usukani unapogeukia, zimekwisha, mwingine asema shoki. Ninunue nini kwanza?

JIBU: Usinunue kitu bado, ndugu yangu. Kwa ulivyoeleza, pikipiki yako ina kasoro mbili zilizokutana. Kutetemeka kwa 65 kunatoka gurudumu la mbele. Kuyumba mkia kwa 80 kunatoka nyuma: upepo wa tairi, mpangilio wa gurudumu, bushi za swingi-amu (ule uma unaolishika gurudumu la nyuma) au mzigo. Ukitafuta dawa moja ya yote mawili utabadilisha vipuri mpaka mfuko uishe, na pikipiki itabaki vilevile.

Hesabu kidogo itakuonyesha kwa nini nazitenganisha. Tairi ya 3.00-17 ina mzingo wa takriban mita 1.83. Kwa mwendo wa 65 unakata mita 18 kila sekunde, kwa hiyo gurudumu linazunguka kama mara 10 kwa sekunde. Sasa, sehemu ya mbele ya pikipiki, yaani usukani, foku (ile miguu miwili inayoshika gurudumu) na gurudumu lake, ikichokozwa ina tabia ya kupiga huku na huku kati ya mara 4 na 10 kwa sekunde. Gurudumu lenye uzito upande mmoja, au tairi iliyokaa mshazari kwenye rimu, huichokoza mara moja kila mzunguko. Ni kama mtu anayesukuma bembea ya Idi kwa wakati wake: hata akisukuma kwa kidole, inapaa. Ukifika 80 gurudumu linazunguka mara 12, limeshaipita bembea, na mikono yako inapumzika. Kasoro ya gurudumu bado iko palepale.

Kuyumba kwa mkia ni kwa polepole zaidi, mara 2 hadi 4 kwa sekunde, na huzidi kadiri unavyoongeza mwendo. Huku hakuna kupita ukapumzika, na huku ndiko kunakoangusha watu. Kwa hiyo mpaka umalize ukaguzi, usipite 60, ila kwenye majaribio nitakayoyaeleza mwishoni, na vua lile kasha. Kukikukuta barabarani, legeza mafuta taratibu, bana tangi kwa magoti, inamisha kifua mbele, na shika usukani kwa mikono iliyolegea. Usikamate breki ya mbele kwa nguvu. Ukiikamata, uzito wote unaangukia tairi ambayo tayari inapiga huku na huku. Wala usiung'ang'anie usukani ukakaza mabega, kwa maana kila mwili wako unapotikisika utaupelekea usukani mtikiso huo huo.

Jambo ambalo wengi hawalifikirii ni hili: tairi haibadilishwi peke yake. Ili kuitoa, fundi alifungua ekseli mbili, akachomoa spesa (vibomba vya kuliweka gurudumu katikati), sahani za breki (vifuniko vya drami), gia ya spidomita na cheni, na nyuma akalegeza vikaza cheni. Vitu kama kumi viliguswa siku ile, na mpira ni kimoja tu kati ya hivyo. Ndiyo maana nashuku kazi ya kufunga kabla ya kushuku tairi, na nashuku tairi kabla ya kushuku beringi ambazo hakuna aliyezigusa.

Anza na upepo, asubuhi kabla hujatoka. Pikipiki iliyokaa juani Kongowea adhuhuri itakudanganya, kwa sababu kila joto la tairi likipanda nyuzi 7 au 8 geji inapanda kama PSI 1. Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 kipimo ni PSI 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako au 32 ukiwa na abiria au mzigo. Kibandiko kilichoko kwenye pikipiki au kitabu chake kikisema vingine, fuata hicho. Usiamini kidole gumba, na usiamini geji ya fundi wa pancha iliyoanguka chini mara mia. Nunua yako ndogo ukae nayo. Tairi ya nyuma yenye PSI 20 chini ya kasha lililojaa inatosha peke yake kuleta huo mwendo wa dau.

Kisha kagua tairi ilivyokaa kwenye rimu, na hapa nakuomba uchukue muda, maana katika malalamiko ya aina yako hapa ndipo penye makosa mengi. Karibu na rimu, kila ubavu wa tairi una mstari mwembamba ulioinuka unaozunguka wote. Kazi yake ni kuonyesha kama mdomo wa tairi, ule ukingo wenye waya ndani, umepanda sawasawa. Simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, weka kreti ya soda au gogo chini ya injini ili gurudumu la mbele lielee, kisha lizungushe polepole ukitazama mstari huo. Umbali wake kutoka ukingo wa rimu uwe ule ule pande zote. Ukiona mahali mstari umezama, au umemezwa kabisa na rimu, mdomo wa tairi umekwama kwenye bonde la katikati ya rimu. Tairi hapo si duara tena. Inapanda na kushuka kila mzunguko, na pengine inakwenda mshazari vilevile.

Hutokea kwa sababu tairi mpya ni ngumu, rimu zetu za pwani zina kutu kwa ndani, na fundi amevalisha kavu kisha akajaza kwa pampu ya mguu mpaka 25 akaacha. Dawa yake haina gharama. Chomoa gurudumu, toa upepo wote, ukifungua na kile kijiti cha ndani ya vali. Kanyaga ubavu wa tairi mpaka mdomo uachane na rimu pale palipozama. Paka maji mazito ya sabuni kwenye mdomo na kwenye rimu, pande zote mbili. Rudisha kijiti, jaza mpaka mstari utoke sawa, lakini usipite PSI 40 wala kipimo cha juu kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Isipotoka, shusha upepo, paka sabuni tena, dundisha gurudumu chini huku ukilizungusha, ujaze upya. Ikishakaa, rudisha upepo kwenye kipimo cha kawaida. Tumia sabuni tu. Wanaopaka oili chakavu, dizeli au grisi hurahisisha kazi ya dakika moja, lakini mafuta hula mpira na kuufanya mdomo uteleze kwenye rimu ukipiga breki, na hapo vali ya tyubu hukatika.

Ukiwa umefungua upande mmoja, tazama na ndani. Tyubu iwe ya 17, si ya 18 iliyokunjwa ikaingia. Mkunjo mmoja wa tyubu ni kinundu na ni uzito. Ule ukanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoku uwe katikati. Kama kuna maji yaliyobaki ya sabuni, yafute. Wako pia wanaotumbukiza kipande cha tairi kuukuu ndani kuzuia miiba, na wanaomimina dawa ya maji ya kuziba pancha. Hicho kipande ni uzito wa upande mmoja usio na dawa ila kukitoa. Ile dawa nayo hulala chini usiku kucha, na asubuhi gurudumu linadunda mpaka isambae. Ikiwa usukani wako unatetemeka zaidi dakika za mwanzo za safari kuliko baadaye, uliza kama ulimiminiwa.

Mshale wa mzunguko ubavuni ni jambo la kutazama mara moja. Tairi nyingine hufungwa mbele au nyuma, na huwa na mishale miwili inayoelekea kinyume, mmoja umeandikwa wa mbele na mwingine wa nyuma. Fuata ulioandikiwa mahali ilipofungwa.

Sasa ufungaji wa gurudumu la mbele. Sahani ya breki ina mfereji unaopaswa kukumbatia kinundu kilichoko kwenye mguu wa foku. Usipokaa, siku utakayokamata breki kwa nguvu sahani itazunguka na gurudumu litajifunga. Hilo litazame leo, hata kabla ya kumaliza kusoma. Gia ya spidomita nayo ina masikio yake yanayoingia kwenye nafasi za habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ikifungwa bila kuingia, hubanwa na ekseli, na gurudumu huwa zito kuzunguka au spidomita hufa. Spesa ikiwekwa upande usio wake, gurudumu halikai katikati ya foku: pima kwa rula kutoka ubavu wa rimu hadi mguu wa foku kushoto na kulia, ulinganishe. Na kabla ya kukaza nati ya ekseli kwa mwisho, shusha pikipiki chini na ubonyeze foku mara nne au tano ili miguu yote miwili ijipange kwenye ekseli. Fundi akikaza gurudumu likiwa bado linaning'inia, foku hubaki zimejikunja kidogo. Hupandi nyumba kwa ngazi iliyopinda mguu mmoja. Foku hazina tofauti. Ukaze kiasi gani? Kitabu cha pikipiki kina kipimo chake. Ili ujue mkono wako una nguvu gani, kuvuta kwa kilo 20 mwisho wa spana ya sentimita 25 ni karibu niutoni mita 50.

Gurudumu likiwa bado juu, lishike juu na chini ulisukume na kulivuta kwa ubavu. Likicheza ndani ya habu, beringi za gurudumu zimekwisha. Halafu funga waya mgumu kwenye mguu wa foku, ncha yake ikaribie ukingo wa rimu kwa milimita 1 au 2, uzungushe. Tazama rimu kwanza, kisha sogeza waya kwenye tairi. Rimu isicheze zaidi ya milimita 2, kwa ubavu wala kwa kupanda na kushuka. Rimu ikiwa imenyooka na tairi inacheza, rudi kwenye sabuni. Rimu yenyewe ikicheza, gonga kila spoku kwa spana ndogo. Iliyokazwa hulia kwa mlio wa juu, iliyolegea hutoa sauti ya bati bovu. Chumvi ya bahari hung'ata vichwa vya spoku vikashikana na kutu, kwa hiyo vilowanishe kwa mafuta ya kupenya siku moja kabla ya kumpelekea fundi wa spoku, la sivyo atazikata. Na ajue kunyoosha gurudumu, si kukaza tu zilizolegea. Kukaza spoku tatu bila kutazama rimu inavyokwenda ni kutengeneza yai.

Ukishafika hapa, mtetemo wa 65 mara nyingi umekwisha. Haujaisha? Basi ni mizani ya gurudumu, na tairi ya meno makubwa huihitaji zaidi kuliko ya lami, kwa kuwa mpira wake mwingi uko mbali na kitovu. Gramu 20 zilizozidi upande mmoja wa rimu yako, kwa mwendo wa 65, huvuta kwa nguvu ya karibu kilo 1.7. Kwa 90 huvuta kilo 3.3, mara 13 na ushei kila sekunde. Gramu 20 si kitu, kichwa cha vali na kiraka kikubwa cha tyubu vinakaribia huko.

Huhitaji mashine. Chomoa gurudumu la mbele, toa sahani ya breki na gia ya spidomita ili pasiwe na kinachokwaruza. Pitisha ekseli peke yake, uilaze juu ya viti viwili vya urefu mmoja, gurudumu likining'inia katikati. Lizungushe taratibu, liache lisimame lenyewe. Liweke alama ya chaki chini. Rudia mara tatu. Alama ikirudi chini kila mara, pale ndipo pazito. Kabla ya kuongeza chochote, jaribu kugeuza tairi kwenye rimu: tairi nyingi zina nukta ya njano ubavuni inayoonyesha upande wake mwepesi, na hiyo inafaa ikae kwenye vali. Wafungaji wengi huipuuza. Bado ikielemea, zungushia waya wa risasi wa kulehemu kwenye spoku ya upande wa juu, gramu 5 baada ya 5, karibu na rimu, mpaka gurudumu libaki popote unapoliacha. Wanaobalansi magari wana vipande vya kubandika vya gramu 5 na 10. Hivyo pia vinafaa, ila safisha rimu kwanza na ufunge tepu juu yake, kwani unyevu wetu haubakishi gundi. Ikihitaji zaidi ya gramu 50 hivi, usiongeze risasi. Kuna kitu hakijakaa sawa ndani, au tairi ni mbovu.

Fundi wa shingo nisimdharau. Beringi za shingo zilizolegea hazianzishi mtetemo wa 65, lakini huukuza, na tairi ya zamani iliyolika ilikuwa haizichokozi. Tairi mpya imezifichua tu. Jaribio lake ni la dakika mbili. Gurudumu likielea, shika miguu ya foku chini karibu na ekseli, sukuma na uvute. Mgongano unaousikia shingoni ni ulegevu. Halafu geuza usukani polepole toka upande mmoja hadi mwingine. Ukihisi kama unajifunga kwenye kishimo pale katikati, njia za beringi zimechimbika, na hapo kweli ni kubadilisha. Zikiwa zimelegea tu bila kishimo, kaza ile nati ya mviringo ya shingo mpaka ulegevu uishe na uishie hapo. Usukani ukiuachia uanguke wenyewe kushoto na kulia. Wapo wanaoikaza mno wakidhani ndiyo tiba. Pikipiki hujirekebisha yenyewe kwa kugeuza gurudumu la mbele nukta ndogondogo kila wakati. Shingo ikibana hainyooki, na unapata kuyumba kwingine ulikokununua mwenyewe.

Twende nyuma, kwenye yale mawimbi ya 80.

Tazama kwanza ule mkono wa chuma unaoizuia sahani ya breki ya nyuma isizunguke. Uwe umefungwa pande zote mbili, na kotapini yake, ile pini inayozuia nati isifunguke, iwepo. Ukiachwa wazi, breki ya nyuma siku moja itaupinda na kulifunga gurudumu.

Baada ya hapo ni mpangilio. Alama za vikaza cheni kushoto na kulia ziwe kwenye nambari moja, lakini usizitegemee pekee. Kwenye pikipiki iliyowahi kuanguka hazisemi kweli kila mara. Tumia uzi. Chukua uzi mrefu kama mita 5, uzungushe nyuma ya tairi ya nyuma katikati ya urefu wake, uulete mbele pande zote mbili kwa kimo kisichogusa stendi wala injini, na ufunge ncha zake kwenye matofali mawili mbele ya gurudumu la mbele. Sogeza matofali mpaka kila uzi uguse ukingo wa nyuma na ukingo wa mbele wa tairi ya nyuma kwa pamoja. Usukani unyooke. Pima pengo kati ya uzi na tairi ya mbele, kushoto na kulia. Tairi zako sasa zina upana sawa, kwa hiyo nyuzi zitapita karibu sana na tairi ya mbele na kinachotafutwa ni tofauti: milimita 2 au 3 si neno, lakini upande mmoja ukigusa na mwingine ukiacha milimita 10, gurudumu la nyuma limefungwa mshazari. Geuza kikaza cha upande mmoja robo mzunguko, pima tena. Cheni iwe na mchezo wa milimita 25 hadi 30 pale inaponing'inia zaidi, ukiizungusha uipime sehemu tatu, kwa sababu cheni iliyokwisha hukaza mahali na kulegea pengine. Kaza ekseli, upime uzi mara ya mwisho, maana kukaza nako husogeza gurudumu.

Kisha shika gurudumu la nyuma juu, likiwa limeelea, ulisukume kushoto na kulia huku jicho likiwa pale swingi-amu inapoungana na chasisi. Ukiona inacheza pale, bushi zimelika. Hazikuharibika siku ya tairi, lakini hapa ndipo chumvi na ukosefu wa grisi hukutana. Shoki nazo, kabla ya kusema zimekufa, angalia kama ngazi zake za kurekebisha ugumu ziko sawa kushoto na kulia. Nimalize neno la shoki hapo hapo: bonyeza kiti kwa uzito wako wote uachie. Kikipanda na kutulia mara moja, ziko sawa. Kikicheza mara mbili tatu, au ukiona mafuta yanachuruzika, ndipo fundi wako wa pili amesema kweli.

Kasha lako. Uzito wowote uliokaa nyuma ya ekseli ya nyuma huinua mbele kama mizani ya sokoni, na gurudumu la mbele lililopunguziwa uzito hutetemeka kwa sababu ndogo. Sogeza kasha mbele mpaka liguse mgongo wako, vitu vizito chini na upande wa kiti, na ulifunge kwa boliti. Kamba za mpira huliacha licheze. Kasha linalocheza sentimita moja linaiyumbisha pikipiki kwa wakati wake lenyewe.

Sasa tairi uliyowekewa. Mimi singekushauri. Mchanga wa njia ya kwenu ni mwendo mfupi, na lami ya Bamburi hadi Kilifi ndiyo kazi yako ya kila siku. Meno marefu hupinda kila yanapogusa lami, ndiyo hisia ya kuelea unayoipata ukikata kona. Pia hufuata mistari ya barabara: kwenye lami iliyokwanguliwa kungoja tabaka jipya, au kwenye mifereji inayochimbwa na malori ya bandari kule njia ya Miritini na Mazeras, tairi ya namna hiyo itatangatanga hata kila kitu kikiwa kimefungwa kwa rula. Ukiweza, rudi kwenye 2.75-17 yenye meno ya wastani mbele. Tazama nambari iliyogongwa kwenye rimu pia. Tairi pana kwenye rimu nyembamba hubanwa mbavu zake zikavimba, na ubavu uliovimba hujipinda kirahisi. Na usirukie upande wa pili ukaweka 3.50 nyuma kwa ajili ya mizigo huku mbele ni nyembamba: nyuma inapoinuka, foku husimama wima zaidi na usukani unakuwa mwepesi wa kutikisika.

Ukinunua, soma ubavu. Herufi ya mwisho ya kipimo ni mwendo wa juu kabisa: J ni kilomita 100, L ni 120, P ni 150. Nambari iliyo kabla yake ni mzigo, 41 ni kilo 145 na 50 ni kilo 190. Tarakimu nne zilizo ndani ya kiduara kirefu ni wiki na mwaka, 1822 ikiwa ni wiki ya 18 ya 2022. Tairi iliyoning'inizwa mlangoni mwa duka juani miaka mitano ni mpya kwa meno tu, mpira wake umeshakuwa gome. Kilomita 150 za mwanzo tairi yoyote mpya huteleza kwa sababu ya utelezi wa kiwandani, kwa hiyo kona zichukue kwa adabu. Lakini utelezi huo hautetemeshi usukani, asikuambie mtu ungoje ipite.

Jaribu alfajiri, bila kasha, bila abiria, barabara ile ile kila mara. Badilisha jambo moja, jaribu, andika kwenye simu. Panda 50, 60, 65, 70, mikono yote miwili ikiwa kwenye usukani. Wakati wa kusi usihukumu pikipiki ukiwa juu ya daraja la Mtwapa wala la Kilifi. Ukienda Kilifi bahari iko kuliani, na upepo ule utakusukuma hata ukiwa na gurudumu lililotoka kiwandani jana. Kuyumba kunakokuja darajani tu na kutoweka ukishaingia kwenye minazi ni kwa upepo.

Baada ya yote haya usukani ukiendelea kutetemeka kwa 65, nenda stejini. Hapakosi mwenzako mwenye pikipiki kama yako isiyo na tatizo. Azimaneni gurudumu zima la mbele, na tairi na rimu yake, kazi ya nusu saa. Yako ikitulia na yake ikianza kutetemeka, ugonjwa uko kwenye gurudumu lako, na ukishalibalansi kilichobaki ni tairi yenyewe: irudishe dukani nalo gurudumu mkononi. Yako isipotulia, gurudumu limeachiliwa huru, na hapo ndipo unakwenda kununua beringi za shingo.